Katibu Akifa Kesho

Jumatatu, 3 Februari

Siku mbaya.

Leo kaja Ridhwan, mtaalamu wa shirika moja la mjini, kupima uwezo wa kikundi chetu cha wakulima wa mwani hapa Jambiani. Kikundi kinaitwa Hatuachani. Wanachama ishirini na sita: wanawake ishirini na tano, na mimi. Mimi ndie katibu, mwaka wa kumi na moja huu. Katiba nimeandika mimi. Muhuri unakaa kwangu. Hata mke wangu Mize ananiita Katibu.

Ridhwan ana karatasi ya masuala thelathini, kila suala alama moja mpaka nne. Tulikwenda vizuri mpaka la kumi na nne. Kalisoma bila ya haya:

"Katibu akifa kesho, kazi za kikundi zitaendelea?"

Nikasubiri vilio. Angalau mtu aseme Mungu amuweke. Wapi! Bi Mwanapili, mwenyekiti wetu, akasema zitaendelea inshaallah, huku anajipepea. Thuwaiba, naibu wangu, akauliza faili litabaki kwa nani. Faili! Sijafa, keshauliza faili.

Huyu Thuwaiba namjua. Skuli kamaliza juzi, kila kitu anaandika kwenye simu. Mwaka jana nilitia katika katiba kifungu cha tisa, makusudi kwa ajili yake: kiongozi akikosa vikao vitatu mfululizo bila ya taarifa, nafasi yake iko wazi. Alikuwa kajifungua, keshakosa viwili. Cha tatu akaja na mtoto mgongoni, kafika kabla yangu.

Ridhwan katupa alama mbili. Kasema tunasema tu, ushahidi hajauona.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Ushahidi nitawapa mimi.

Mafunzo ya kujengewa uwezo ni vikao vitatu: kesho, Alhamisi na Jumamosi. Mimi simo. Nnakwenda kujificha mjini, Malindi, kwa dada yangu Tabia, na nnachukua muhuri, faili na ufunguo wa kabati. Tuone. Barua itagongwa na nani? Mahudhurio yataandikwa wapi? Mpaka Alhamisi watakuwa wananililia, na Ridhwan atafuta ile mbili aweke moja, na chini yake aandike kwamba katibu huyu atunzwe.

Mize nimemwambia Tabia mgonjwa, hali si nzuri. Kasema ajabu, kazungumza nae sasa hivi, alikuwa anafua mapazia. Nikamwambia maradhi siku hizi ni ya ghafla. Akanikumbusha dawa ya presha.

Jumatano, 5 Februari

Malindi. Honi za boti za Dar tangu alfajiri. Tabia kanipa chumba cha juu na hakuuliza kitu, ila kaniangalia kama anavyomuangalia mtu aliyefukuzwa na mkewe.

Simu nimeiweka dirishani, mtandao usije ukakatika. Saa tatu mafunzo yameanza. Saa nne kimya. Saa tano nikamwomba Tabia anipigie, nione kama inaita. Inaita.

Saa saba ikalia! Mize. Anauliza nyundo nimeiweka wapi.

Jumla ya waliouliza khabari za katibu: hakuna.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Mwanapili kapiga! Saa mbili na robo asubuhi. Nimeirukia simu mpaka kikombe kikamwagika. Lakini sikupokea. Katibu hapokei mara ya kwanza, ndiyo siasa yenyewe. Akipiga mara ya tatu nitapokea, kwa sauti ya mtu aliye mbali.

Hakupiga tena.

Adhuhuri ukaja ujumbe wa Thuwaiba. Shikamoo Katibu, ufunguo usihangaike nao, kabati tumelifungua kwa bisibisi. Faili nalo lisikutie wasiwasi, mihtasari yote ya miaka minne anayo kwenye simu, aliipiga picha. Na anamuombea dua bibi mgonjwa.

Bisibisi! Kabati lile nilichagua mimi mwenyewe kwa uimara wake. Sikula mchana. Tabia kapika mchuzi wa changu, nikautizama tu.

Turufu yangu bado: muhuri ninao. Nimelala nao chini ya mto.

Ijumaa, 7 Februari

Ee Mola wangu.

Hafiz, mume wa Tabia, ana duka hapo chini, anachonga mihuri. Baada ya sala kaniita, miwani yake imevunjika, nimsaidie kuangalia maandishi kabla hajachonga. Mteja kaagiza kwa simu, wa haraka, unatakiwa kupelekwa shamba, nje ya mji, leo. Nikavaa miwani yangu. Nikasoma:

KIKUNDI CHA HATUWACHANI, JAMBIANI. KATIBU.

Nikakaa juu ya ndoo ya wino. Nilikuwa na njia, wallahi nilikuwa nayo. Ningenyamaza tu, wangepokea muhuri mbovu, wakachekwa kila ofisi. Nikaufikiria huo muhuri mbovu ukigongwa juu ya barua zangu za miaka kumi na moja. Nikachukua kalamu, nikaifuta ile W.

Hafiz kanishukuru sana. Kasema watu wenye jicho kama langu siku hizi hawapatikani. Nikapanda juu, nikalia. Mwanamme wa miaka hamsini na minane, nimelia kwenye mapazia ya Tabia.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekurupuka. Leo kikao cha tatu! Kifungu cha tisa! Changu mwenyewe!

Gari ya kwanza imenipita, ya pili imepasuka tairi Paje. Nimemaliza njia kwa miguu, mkoba kichwani. Nimeingia ukumbini wanamalizia dua. Wote wakaitikia amin, nami nikaitikia, maana ningefanya nini.

Nikaanza kueleza khabari za maradhi. Bi Mwanapili akaninyooshea kiti.

"Kificho, kaa kitako baba."

Kificho. Miaka kumi na moja hajaniita jina langu. Nilijua hapo hapo kwamba yamekwisha.

"Nilikupigia Alhamisi upate kutoa taarifa yoyote," akasema. "Hata ya uongo ningeipokea. Hukuitika."

Thuwaiba ndie katibu, kachaguliwa kwa mikono yote. Mtoto alikuwa pajani pake, anautafuna muhuri mpya. Maandishi yametoka safi.

Ridhwan kanipa mkono. Kasema suala la kumi na nne sasa tuna alama nne, hajapata kuona kiongozi aliyejiondoa mwenyewe ili kikundi kijipime, na atanitaja katika ripoti. Nikasema ahsante. Kisha wakanifanya mlezi wa kikundi, wakanipigia makofi. Nikauliza kazi ya mlezi ni nini. Bi Mwanapili kasema kukaa.

Jumatatu, 10 Februari

Siku mbili sijatoka. Asubuhi Mize kaniambia, Kificho, chai inapoa. Habari ishafika mpaka jikoni.

Bamvua linaanza, maji yanakupwa mbali, wote wako pwani kwenye mwani. Hapana aliyekuja kuniuliza kitu. Nimeutoa muhuri wa zamani nikaugonga ukurasa huu, kuona tu. Wino umekauka, umetoka nusu: HATUA.

Kisha nikaisoma katiba, tangu mwanzo mpaka mwisho, nikaona kosa langu liko wapi. Si safari. Safari ilikuwa sawa kabisa. Siku zilikuwa chache! Siku nne mtu hawezi kukumbukwa, ndio kwanza watu wanapumua.

Na nimeona jengine, kubwa zaidi. Mlezi hakutajwa popote. Hakuna kifungu hata kimoja cha kumuondoa!

Kesho nnakwenda Tumbatu kwa binamu yangu, wiki tatu, bila ya taarifa. Tuone watafanya nini bila ya mlezi. Simu nitaiacha wazi.