Mamlaka ya Utulivu Yaomba Maoni Juu ya Vinanda

Mamlaka ya Utulivu wa Foleni, tawi la Voi, ina furaha isiyo kifani kuwatangazia wananchi wote, kuanzia Ndara hadi Ronge na kuteremka mpaka Mahoo, kwamba shida ya foleni imekwisha. Foleni zenyewe zitaendelea. Kilichokwisha ni shida.

Tangazo hilo lilisomwa sokoni asubuhi ya Jumatatu na Mkamburi, Kaimu Afisa wa Maoni ya Wananchi, na alilisoma bila kutabasamu, maana mtu anayekaimu hatabasamu ovyo. Mkamburi alikuwa amekaimu muda mrefu hata majirani zake wa mtaa wa Sofia walidhani Kaimu ni jina la babake. Sasa mwisho ulikuwa umekaribia. Mwenyekiti wa tawi, Daktari Ambrose, alikuwa amemwambia wazi: "Niletee maoni mazuri, dada. Makao makuu yakiridhika Ijumaa, unathibitishwa kazini siku hiyohiyo. Yasiporidhika, hata hiyo kaimu nitampa mtu mwenye masikio."

Mpango wenyewe ulikuwa wa kisayansi. Mamlaka ilikuwa imetuma ujumbe mzito kwenda Ulaya, na ujumbe ukarudi na habari kwamba mtu akipanga foleni huku anachezewa muziki wa klasiki, hakasiriki. Au anakasirika polepole, ofisi ikiwa tayari imefungwa. Basi vipaza sauti vikafungwa kila penye foleni: kwenye maji, kwenye vitambulisho, langoni mwa hospitali. Muziki ungekuja kwa njia ya mtandao, mpango ulioitwa Utiririshaji Endelevu. Waliosikia neno utiririshaji walikuja na mitungi, wakaombwa warudi nayo nyumbani.

Huduma mbili za mtandaoni zingejaribiwa wiki nzima: moja iliitwa Simfonia, nyingine Kinubi. Sheria inataka ushindani, kwa hiyo Simfonia ilikuwa imechaguliwa kushinda na Kinubi kushindwa. Kilichobaki ni wananchi kusikiliza, kisha kutoa maoni hayo kwa hiari yao. Ijumaa angekuja Bi Abigael, Mkurugenzi Mkuu kutoka Nairobi, ayasikie kwa masikio yake.

Mkamburi akakunja karatasi, akampungia fundi mkono. Vinanda vikaanza. Vilikuwa vya polepole, vizito, vya kuvuta roho kama ndoo kutoka kisimani.

Soko likanyamaza. Muuza nyama aliacha shoka lake hewani. Syokau, mama wa nyanya ambaye habari za Voi humfikia kabla hazijatokea, aliivua kofia yake ya jua akaishika kifuani.

"Nani?" akauliza.

"Nani nini, mama?"

"Mkamburi, usinifanye mtoto. Nani amekufa?"

Hapa msomaji wa mbali lazima aelewe. Katika nchi hii kila aliyelelewa na redio anajua sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Redio ikiacha matangazo ya mbolea na kuanza kupiga vinanda vya Kizungu bila maelezo, kuna mkubwa ameaga. Maelezo yatakuja baadaye, na yatakuwa mafupi. Vinanda ndiyo habari yenyewe.

"Hakuna aliyekufa," Mkamburi alisema. "Huu ni muziki wa foleni."

"Sawa. Familia haijajulishwa."

"Mama Syokau, naapa."

"Apa tu mwanangu, ndiyo kazi yako. Hata wale wa zamani walituapia mpaka jeneza likafika."

Kufikia saa za chai, hakuna aliyeuliza tena kama kuna maiti. Waliuliza ni ya nani. Alitajwa mheshimiwa mmoja wa upande wa Mwatate, ila akapita juu ya bodaboda akitafuna muhogo, jina likafutwa. Akatajwa kasisi, akakutwa kwa kinyozi. Mwishowe muuza nyama akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa amekizunguka kwa adabu:

"Na huyu Daktari Ambrose, mara ya mwisho ameonekana lini?"

Watu walitazamana. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona. Walimjua kwa mabango.

Mkamburi akasogea nyuma ya kibanda cha nguo, akapiga simu. Ilipokelewa na kishindo cha mawimbi na mtu akiulizia nani ameagiza samaki.

"Mheshimiwa, wananchi wanauliza uko wapi."

"Niko Mahoo."

"Nasikia bahari."

"Hiyo ni mifereji ya Mahoo. Sikiza, Mkamburi: makao makuu wanajua niko Mahoo wiki yote nakagua foleni ya wakulima wa ndizi. Hata akikuuliza malaika, niko Mahoo. Pwani ya Diani hata sijui iko upande gani."

"Mheshimiwa, wanasema umekufa. Tuzime muziki?"

"Ukizima, watasema mradi umeanguka! Usizime. Na nakuagiza rasmi: afisa yeyote asizungumzie kifo chochote, cha mtu yeyote, mpaka nitoe mwelekeo."

Mkamburi akarudi sokoni na kutangaza kwamba Mwenyekiti yuko Mahoo kikazi, na kwamba maafisa wamekatazwa kuzungumzia kifo.

"Mimi nimetoka Mahoo sasa hivi," akasema Mwelu, aliyekuwa akishusha ndizi. "Kwetu hajafika. Na gari zito kama lake lingefika kwa barabara ile, tungelisukuma. Hatujasukuma."

"Basi," alisema Syokau taratibu, "mtu anasemwa yuko Mahoo, na Mahoo hayuko. Yuko wapi?"

"Mochari," likajibu soko zima, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Jumanne hema lilisimama mbele ya ofisi ya Mamlaka. Jumatano zilikuja sufuria, na kimanga, mseto wa muhogo na maharagwe, kikapondwa cha kushibisha kata mbili. Watu wa milimani walileta ngoma zao za jadi za mwazindika, wakaombwa wasubiri vinanda vimalize zamu, wakasubiri kwa heshima. Ilikuwa raha kuona. Wadawida wa Taita, Wakamba, Waswahili wa mtaa wa Birikani, wote chini ya turubai moja, kila mtu na habari yake na kikombe chake. Mikutano ya maoni ya Mamlaka kwa kawaida huvuta watu wanne na mbwa, na mbwa ndiye hukaa mpaka sala ya kufunga. Sasa foleni ya maoni ilifika barabarani, na Mkamburi, aliyekatazwa kuzungumzia kifo, aliketi mezani na kuuliza tu kile alichoruhusiwa: huduma za muziki mmezionaje?

Wakamjibu. Hapajawahi kupatikana wasikilizaji makini kiasi hicho.

"Hii Simfonia inanyamaza unadhani stima zimepotea," akasema mama mmoja wa Ronge. "Halafu ghafla ngoma zinalipuka. Mbuzi wa jirani yangu Wakio alikata kamba, mpaka leo anatafutwa Ndara huko kwa ndovu."

"Kinubi nayo ni vurugu," akasema mzee wa kanzu. "Wimbo mmoja una vipande vinne, wao wanaanza na cha tatu. Ni kama kumzika mtu halafu ndiyo umwoshe. Mambo yana mpangilio, binti yangu."

"Kikiisha kipande, kimya," akalalamika mzee mwingine. "Pasta anasema amina, tunaketi. Kumbe bado! Tunasimama. Magoti haya si ya serikali."

"Mimi niliutafuta ule wa jana kwa simu nijililie nyumbani," akasema muuza nyama. "Nikakuta wimbo mmoja, na waliopiga ni kijiji kizima. Sasa mwenyewe ni nani? Ni kama shamba la urithi."

"Na Simfonia ya bure," alisema Syokau, "inatukatiza kilio na kuleta tangazo la godoro. Marehemu ameshalala, godoro la nini?"

"Mama, sijasema kuna marehemu."

"Hujasema, mwanangu. Umelelewa vizuri. Andika: msiba wa mtu wa kawaida, Simfonia inatosha. Wa mkubwa, Kinubi, ila wapange vipande."

"Na kwa jumla mmeridhika?"

"Sana."

"Mmeridhika na nini hasa?"

Syokau alifikiri. "Na yote yaliyotokea," akasema.

Mkamburi akaandika: wameridhika. Waliofuata waliridhika vilevile, na wengine wakaongeza neno bila kuulizwa. Alikuwa mtu mpole, walisema, hakuwahi kutusumbua na kazi. Mikutano ya maji aliiahirisha kwa lugha nzuri. Tumemsamehe, na kama kuna nafasi ya kumrudisha, tafadhali asisumbuliwe.

Ijumaa, Bi Abigael aliposhuka garini, alisimama akashika mlango. Kwa miaka yake yote katika utumishi hakuwa ameona wananchi wamejaa hivyo pasipo kugawiwa fulana.

"Hawa wote wamekuja kutoa maoni juu ya muziki wa klasiki?"

"Na hawataki kuondoka, madam," alisema Mkamburi, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Wameridhika?"

"Wote. Hajakosekana hata mmoja."

Bi Abigael akaitikia kwa kichwa kwa furaha nzito ya kikazi. Kisha akaangaza macho. "Na Mwenyekiti wenu yuko wapi?"

Mkamburi alifungua mdomo. Akisema Mahoo, Mwelu yuko pale amekaa juu ya mkungu wake. Akisema Diani, amemchoma bosi na kujichoma mwenyewe. Akisema yu hai, atakuwa amezungumzia kifo. Akiwa bado anapima, Syokau alijitoa katika umati, akamkumbatia Mkurugenzi Mkuu kwa mikono miwili yenye harufu ya nyanya.

"Pole, mama. Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

Sasa Bi Abigael alikuwa na sifa moja iliyompandisha cheo kutoka karani hadi kiti alichokalia: hakuna aliyewahi kumkuta hajui jambo. Alitazama hema. Akatazama sufuria. Akasikiliza vinanda.

"Ndiyo," akasema kwa sauti ya chini. "Nilijulishwa mapema."

Akapewa kipaza sauti. Akasema Mamlaka imepoteza nguzo. Akasema Daktari Ambrose atakumbukwa kwa bidii yake, na hasa kwa ukaguzi wake wa mwisho kule Mahoo, ambako alikwenda bila kujali afya yake. Mwelu akaguna, watu wakadhani ni kilio. Akasema pengo hilo linataka mtu anayejua kukaa na wananchi, na kwa mamlaka aliyopewa, alikuwa akimthibitisha Bi Mkamburi kazini, hapohapo, mbele ya halaiki. Vigelegele vikapanda mpaka kwenye mapaa ya Birikani.

Mkamburi alisimama. Neno moja tu lingetosha kuurudisha ukweli mahali pake. Lakini agizo rasmi lilisema afisa asizungumzie kifo chochote mpaka mwelekeo utolewe, na yeye, sasa afisa kamili, hakutaka kuanza kazi kwa utovu wa nidhamu.

Ni wakati huo Daktari Ambrose alipoingia langoni mbio mbio, shati la maua, pua imebabuka kwa jua.

"Nini hii? Mimi ndiye Mwenyekiti! Mimi ndiye Ambrose!"

Watu wakageuka. Mama mmoja akajishika kifua. Bi Abigael alimtambua, naam, mara moja, kama vile Mkamburi alivyomtambua. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, na hotuba yake ilikuwa bado ya moto.

"Bwana," alisema kwa upole wa kuogopesha. "Mwenyekiti wetu wiki hii yote alikuwa kazini Mahoo. Wewe ulikuwa wapi?"

Daktari Ambrose akamwona Mwelu na ndizi zake. Akaliona gari lake la kazi nyuma yake, mchanga mweupe umejaa kwenye magurudumu. Akapiga hesabu, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaipiga haraka. Marehemu huombewa. Aliyestarehe wiki nzima kwa gari na mafuta ya umma huombwa maelezo.

Akainamisha kichwa.

"Mimi ni ndugu yake," akasema. "Tulifanana sana."

"Mmefanana kweli," alisema Syokau, akimkagua juu mpaka chini. "Ila wewe unaonekana umepumzika zaidi. Karibu kiti, baba. Mleteeni chai mfiwa."

Akaketishwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, kimanga mapajani. Watu wakapita mmoja mmoja wakimpa mkono, na kila mmoja alipomwambia pole, alijibu kwamba ameshapoa.

Mkamburi alimfikia wa mwisho, kalamu mkononi.

"Pole kwa msiba, Bwana. Na wewe kama msikilizaji, una maoni gani juu ya huduma yetu ya muziki?"

Daktari Ambrose alikuwa ametega sikio kwingine. Mbele ya hema Syokau alikuwa amepewa nafasi ya kumwelezea marehemu, na hakuwa mtu wa kufupisha. Alikuwa ameanza na kisima cha Birikani kilichofunguliwa kwa utepe bila pampu, akaenda kwenye safari ya Ulaya na waliokwenda, na sasa alikuwa akielekea kwenye habari za mwanamke fulani wa Mombasa. Vinanda navyo, kwa bahati mbaya, vilikuwa vimefika mahali pa kunong'ona, na kila neno lilisikika mpaka barabarani.

"Sauti iko chini," alisema Daktari Ambrose. "Ongezeni."