Mwongozo wa Kuchana Kuanzia Juu

Wizara ya Unadhifu wa Kaya iliutangazia umma, kwa furaha kubwa na kwa kipaza sauti kibovu, kwamba tatizo la nywele kavu na zilizosokotana majumbani limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kuanzia siku hiyo hakuna mama, baba, shangazi wala dada mkubwa ambaye angechana kichwa cha mtu nyumbani kwa kubahatisha. Kungekuwa na Mwongozo. Mwongozo ungekuwa na vifungu, na vifungu vingekuwa na chanuo lake rasmi, lililopakwa rangi ya dhahabu, liitwalo Chanuo la Taifa. Wananchi waliombwa kuwa watulivu, hasa shingoni.

Aliyeuandika Mwongozo huo alikuwa Mkurugenzi wa Nywele, mtu mpole, mwenye miwani inayoteleza, ambaye ofisini walimwita Ndiyo Mzee. Jina hilo hakupewa kwa chuki. Ndilo jibu pekee walilowahi kumsikia akilitoa kikaoni, na alilitoa vizuri, kwa sauti ya kutoka tumboni, kiasi kwamba wakubwa walipenda kumwalika hata kwenye vikao visivyomhusu.

Lakini haki itendeke: rasimu yake ya kwanza ilikuwa na akili timamu. Ilisema nywele kavu zilowanishwe kidogo, zipakwe mafuta, zigawanywe mafungu, halafu chanuo la meno mapana lianzie nchani, lifungue fundo la kwanza, lipande kidogo, lifungue la pili, hivyo hivyo mpaka kwenye ngozi. Ni jambo ambalo kila aliyewahi kushika kichwa cha mtoto analijua. Waziri mwenyewe alilijua, maana naye alilelewa na mama. Ila mtu akishapewa gari lenye bendera, kuna mambo anayoyajua ambayo hayamfai tena.

"Nchani ni wapi?" Waziri aliuliza kikaoni.

"Chini, Mheshimiwa."

"Chini." Waziri alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai. "Katika wizara hii, kuna kitu gani kinachoanzia chini?"

Watu wakaanza kuchunguza kalamu zao. Katibu Mkuu, mama mmoja makini ambaye hakupenda swali lipite bila jibu, akasema, "Malalamiko, Mheshimiwa."

"Mnaona!"

Basi Mwongozo ukanyooshwa. Chanuo lianzie utosini, literemke hadi mwisho kwa mpigo mmoja, bila kusimama na bila kurudi nyuma, kwa kuwa serikali hairudi nyuma. Maji yakafutwa, maana maji ni ya wizara nyingine. Mafuta nayo yakafutwa. "Kulainisha ni kubembeleza," Waziri alieleza, "na serikali haibembelezi nywele." Mwisho kikaongezwa kifungu kuhusu machozi: anayechanwa akilia, ihesabike kwamba hajaelimishwa vya kutosha, na achanwe tena.

"Umeafiki, Mkurugenzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na siku ya uzinduzi tutahitaji mtoto wa kuonyeshea. Nasikia una binti mwenye nywele hasa."

Hapo Ndiyo Mzee alikuwa na mengi ya kusema. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile kilichoizoea njia.

Nyumbani hakuwa Ndiyo Mzee. Nyumbani alikuwa Baba Kishungi, na Jumapili alikuwa bingwa. Mkewe ni muuguzi, na Jumapili huwa zamu yake wodini, kwa hiyo kichwa cha kitindamimba wao kilikuwa mikononi mwa baba tangu mtoto hajaota meno. Kishungi alikuwa na nywele nyingi, kavu, zilizojikunja, zenye ugomvi wa asili. Zikiachwa wiki nzima zinashikana mpaka unadhani zimekula njama. Baba anakaa kwenye kochi, mtoto kwenye kigoda katikati ya magoti yake, taulo mabegani, chupa ya kupulizia maji upande huu, kopo la mafuta upande ule. Anabana fungu kwa vidole karibu na ngozi ili mvuto usifike kichwani, halafu anaanza nchani, taratibu, huku mtoto akimsimulia ugomvi wote wa darasani. Saa ile aliipenda kuliko mshahara wake. Ndiyo saa pekee katika wiki ambayo mtu alimwamini kabisa, tena kwa kumpa kisogo.

"Baba, kwenye runinga wamesema tuanzie juu."

"Hayo ni ya kwenye runinga, mama. Geuka kidogo."

"Aliyeandika ni nani?"

"Kamati."

"Kamati haina watoto?"

Baba akapulizia maji ambayo hayakuhitajika.

Mama Kishungi alirudi jioni, sare bado mwilini, habari ameshazipata kazini. "Eti unampeleka mwanangu akachanwe jukwaani?"

"Ni heshima kubwa, mama Kishungi. Heshima ya..."

"Heshima ya nani? Mtoto ana kichwa kimoja tu. Akachanwe mkavu mkavu, kuanzia utosini, na kale kachanuo kenu ka kutafutia chawa?"

"Ni Chanuo la Taifa."

"Sikiliza, baba. Mimi sigombani na serikali. Ila ukimliza mwanangu mbele za watu, hicho kichwa hutakigusa tena. Nitazinyoa zote mwenyewe, na Jumapili utakaa hapo ukichana zulia."

Hakupandisha sauti. Alisema huku akivua viatu na kujikanda miguu, na mumewe akajua kwamba hilo limeshapitishwa.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa wakuu wa idara, walimu wakuu walioletwa kushangilia, na wapiga picha. Waziri alipoingia, nywele zake zilitangulia. Zilikuwa duara kubwa jeusi linalong'aa, fahari yake tangu ujana, zimetapakaa kwenye mabango yote ya uchaguzi, na mitaani wananchi walimwita Mwavuli. Kwa nje zilipuliziwa dawa ya kung'arisha kila asubuhi. Ndani hakuna aliyewahi kufika.

Kishungi aliketishwa jukwaani kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, nywele zikiwa zimeachwa katika ukavu wake halisi kama Mwongozo unavyotaka. Ndiyo Mzee akakabidhiwa Chanuo la Taifa. Meno ya chanuo hilo yalibanana hata mwanga ulipita kwa taabu. Akaligusisha utosini kwa mwanawe. Mtoto akapeleka mkono nyuma kutafuta goti la baba yake, akakuta hewa.

"Baba," akanong'ona, "usianzie hapo."

Ndiyo Mzee aliogopa. Tuseme ukweli, alimwogopa Waziri kama mtoto anavyoogopa sindano. Lakini palepale aligundua kwamba anaiogopa zaidi ile Jumapili ya kuchana zulia. Mdomo ukafunguka, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake kikatoka kitu kingine.

"Mheshimiwa Waziri, ndugu wananchi. Kifungu cha kwanza kinasema uchanaji wote uanzie juu. Huyu ni mwanafunzi wa darasa la tatu. Humu ukumbini hakuna aliye chini kuliko yeye. Nikianza naye nitakuwa nimeuvunja Mwongozo mbele ya aliyeutia saini. Naomba tuanzie juu."

Wakuu wa idara walipiga makofi kwa mazoea, kabla ya kuelewa. Walipoelewa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha kumpigia Waziri makofi, kwa hiyo yakaendelea. Kamera zote zikageuka. Waziri akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa na mkwewe, akaja kuketi kwenye kiti kirefu ambacho Kishungi alikuwa ameshakiruka.

Chanuo lilizama utosini, likateremka upana wa kidole, likagoma. Ndiyo Mzee akavuta. Chanuo halikuja, kilichokuja ni kichwa. Akavuta tena, kwa mpigo mmoja kama ilivyoagizwa, na Waziri akainuka kitini bila kupenda.

"Rudisha nyuma," Waziri alisema kwa meno yaliyobana.

"Serikali hairudi nyuma, Mheshimiwa," Katibu Mkuu alimkumbusha kwa adabu, ukurasa husika ukiwa wazi mkononi.

Machozi yakaanza kumtiririka Waziri hadharani. Katibu Mkuu akafunua ukurasa mwingine. "Mheshimiwa, kuhusu machozi kuna kifungu kinachosema..."

"Ni ya uzalendo!" Waziri akapaza sauti. "Haya ni machozi ya uzalendo!"

Ukumbi mzima ukasimama kwa heshima. Hafla ilifungwa mapema, na Waziri akaingia garini ubavu ubavu, Chanuo la Taifa likiwa limesimama kichwani. Jioni taarifa ya habari ilieleza kwamba ameonyesha uongozi kwa kulivaa. Kesho yake wakuu kadhaa wa idara walifika kazini na machanuo utosini, na mmoja, mwenye upara, alilibandika kwa plasta.

Waziri alijaribu kila njia. Wasaidizi wake walilivuta kwa zamu. Kinyozi wake akasema hapo dawa ni wembe, akafukuzwa, maana bila zile nywele nani angemjua kwenye bango? Jumapili, gari lenye bendera likasimama mbele ya nyumba ya Mkurugenzi wa Nywele, na Waziri akashuka amejitwisha kofia kubwa ya jua.

Kishungi alikuwa kigodani, kichwa nusu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Subiri kidogo, bado zamu yangu."

Waziri akatazama huku na huku kuona kama kuna mtu wa kumkanya mtoto huyo. Hapakuwa na mtu. Akakaa pembeni, karibu na kikapu cha nguo ambazo hazijakunjwa, akasubiri mpaka msuko wa mwisho. Zamu yake ilipofika, kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Ndiyo Mzee akamtandika taulo mabegani, akapulizia maji, akapaka mafuta, akagawa mafungu, akashika chanuo lake la meno mapana.

"Unaanzia wapi?" Waziri aliuliza.

"Nchani, Mheshimiwa."

"Mh. Endelea."

Fundo moja moja likaachia. Chanuo la Taifa nalo likatoka, limepoteza baadhi ya meno na rangi yote. Upande mmoja wa kichwa ukalala laini hadi sikioni, na Waziri akafumba macho.

"Mama yangu alikuwa akinichana hivi hivi," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu kabisa. "Una mkono mwepesi, Mkurugenzi. Nitakupandisha cheo. Tena wiki ijayo Mwongozo unaingia mashuleni. Kila mtoto, kila Jumatatu, mstarini."

"Huu wa kuanzia juu?"

"Sasa upi mwingine? Huku kwa maji na mafuta ni kwetu sisi tunaoelewana. Mwananchi ana mwongozo wake."

Kishungi alikuwa mlangoni, nywele zimesukwa mistari, anasikiliza. "Na shuleni kwetu pia, Baba?"

Mikono ya Ndiyo Mzee ikasimama. Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni. Akafuta mafuta vidoleni, akaliweka chini chanuo pana, akaliokota lile la Taifa.

"Unafanya nini?" Waziri akafumbua macho.

"Upande mmoja umekwisha, Mheshimiwa. Huu uliobaki bado umefungana. Nilikuwa nauliza tu: tuuhesabu ni wa sisi tunaoelewana, au ni wa mwananchi?"

Waziri akajipapasa kichwa. Upande huu laini, upande ule ukuta. Kesho yake alikuwa na kikao cha mawaziri, na kamera mlangoni. Akafikiria kinyozi, akakumbuka wembe.

"Mkurugenzi," akasema kwa upole, "wewe si mtu wa kukataa."

"Sijakataa, Mheshimiwa. Nafuata Mwongozo." Meno yaliyobaki ya Chanuo la Taifa yakagusa utosi.

"Simu!" Waziri akapiga ukelele. "Nipeni simu yangu!"

Mikono yake ilikuwa imekikamata kigoda na haikukubali kukiachia, hivyo Kishungi ndiye aliyempigia na kumshikia simu sikioni.

"Katibu Mkuu? Futeni Mwongozo. Wote. Mashuleni usiende. Watu wachane wanavyojua wenyewe, leo hii, tangazeni."

"Imepokelewa, Mheshimiwa," sauti ya Katibu Mkuu ilisikika chumba kizima. "Tutoe sababu gani?"

"Semeni tumewasikiliza wananchi."

"Wananchi gani, Mheshimiwa? Waandishi watauliza."

Waziri akataka kuinua kichwa afikiri vizuri, lakini Ndiyo Mzee alikuwa ameshachukua chupa ya maji na chanuo pana, na kiganja chake kimekikandamiza kichwa hicho kwa chini, kwa upole, kama anavyofanya Jumapili zote.

"Usitikisike," Kishungi akamwambia Waziri, simu ikiwa bado sikioni pake. "Utaumia."

Waziri hakutikisika.