Kiatu cha Kushoto

Jumatatu, 4 Novemba

Mke wangu amepiga simu. Anakuja Jumamosi. Anataka kuiona ile nyumba yangu yenye baraza inayotazama ziwa, ninayomsimulia tangu nilipokuja kutafuta riziki huku. Nikamwambia karibu sana, mama watoto. Nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo.

Ninalala chumba cha pampu. Baraza sina. Nina pampu inayokohoa kunizidi na dirisha linalotazama shimo la maji machafu ya wageni.

Nyumba niliyomsimulia ipo, ila si yangu. Ni banda namba saba, la mbao, la mwisho kabla ya matete. Kitanda kipana, baraza, kiti cha kubembea. Ni la wageni. Lakini hapa kwenye kambi ya watalii ninapofanya kazi kuna desturi: wageni wakilikataa banda, meneja humlaza mfanyakazi humo mpaka maneno yaishe, lisionekane limetelekezwa. Nyuki walipovamia namba mbili, dada wa dobi ndiye aliyelala kwenye lile godoro. Alitoka na mashavu. Sijui ni godoro, sijui ni nyuki.

Basi wageni walikatae namba saba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 5 Novemba

Kazi yangu ya kwanza kila alfajiri ni kusawazisha mchanga wa ufukweni kwa reki. Usibaki hata ukucha wa ndege. Wageni wakiamka wadhani ziwa limeumbwa jana.

Leo nilipomaliza nikachukua kiatu cha kike kutoka stoo ya vitu vilivyosahauliwa. Cheusi, kisigino kifupi. Kimoja tu, cha kushoto. Nikakilowesha. Nikakibonyeza mchangani kwa mkono, kutoka majini hadi mlango wa namba saba, nikifuta nyayo zangu kwa reki. Alama zinatoka ziwani, hazirudi.

Kufika saa ya chai, mzee mmoja alikuwa ameshazipiga picha. Yeye na mkewe wamekuja na nyumba ya magurudumu, ndivyo tunavyoyaita yale magari yenye kitanda na jiko ndani. Nilikuwa ninawaunganishia bomba la maji. Mkewe akaniuliza ni alama za nani. Nikajibu kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema: sisi hapa hatupendi kumtaja yule mama. Akauliza mama yupi. Nikajikuna. Nikasema, yule mwenye baridi.

Sijui neno hilo lilinitoka wapi. Lakini lilimwingia. Alijifunga shali, na jua lilikuwa kali.

Alhamisi, 7 Novemba

Wageni wa namba saba wamehamia namba tatu. Safi.

Mlinzi wa geti ananicheka. Tunamwita Miwani, ingawa miwani yake imebaki na kioo kimoja. Anasema mzimu wangu ni kilema, unaruka kwa mguu mmoja kama mtoto mchezoni. Yeye naye analitaka lile banda. Anasema ni kwa ajili ya mgongo wake. Hapa kila mtu ana mgongo.

Ila kwenye mguu amesema kweli. Kesho nitakipinda kile kiatu, alama zifanane na za kulia.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimetoka na reki na kiatu. Nimekuta alama zipo tayari.

Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ya kulia imekanyagwa sawasawa, haikupindwa. Maji yalikuwa bado yanajaa ndani ya visigino. Ukungu umelala juu ya ziwa, matete hayatikisiki, vyura kimya.

Miwani huyo. Amekipata kiatu cha kulia, anataka sifa ziwe zake. Nikamfuata getini nimsute. Alikuwa anakunywa chai. Alinitazama miguu, akaniuliza mbona nimelowa mpaka magotini, nimevua samaki? Nikajitazama. Kweli nimelowa. Na majini sikuingia.

Nikamwambia ni umande.

Mchana dada wa dobi amekataa kubadilisha mashuka ya namba saba. Anasema amemkuta mama mmoja amekaa kwenye kiti cha kubembea, amempa mgongo. Akamwamkia shikamoo, kwa adabu. Yule mama akaitikia: baridi, mwanangu.

Neno la baridi nilimwambia mke wa yule mzee peke yake. Lakini watu wana midomo.

Meneja amenipa ufunguo. Miwani amenuna mpaka kioo chake kimepata ukungu. Leo ni siku yangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Mke wangu amefika. Amependeza. Akapanda barazani, akashika nguzo, akatazama ziwa, akasema, baba watoto, kumbe hukunidanganya. Nikajiona waziri.

Kisha akafungua kabati aweke nguo zake. Ndani kulikuwa na viatu vyeusi vya kike. Cha kushoto na cha kulia, vimepangwa vizuri, vinachuruzika maji. Na cha kushoto nilikiacha chumba cha pampu, nimekifunika na ndoo!

Akaniuliza kwa upole ni vya nani. Ninaujua upole ule. Nikamweleza yote: pampu, mchanga, mzimu. Sijawahi kumwambia ukweli mrefu namna ile. Hakuamini hata nusu. Akasema mizimu anayoijua yeye haivai visigino, wala haiachi nywele kwenye mito ya waume za watu.

Nikautazama mto wa kitandani. Unywele mrefu, mweupe, umelowa.

Nikamwambia aone mwenyewe, huu ni unywele wa bibi kizee. Akasema, kwa hiyo hata vikongwe huwaachi.

Jumapili, 10 Novemba

Jana jioni nilivitupa vile viatu ziwani mbele ya macho yake. Nilivirusha mbali, nikasikia vikizama. Leo asubuhi viko mlangoni, ncha zinaelekea ndani.

Mke wangu aliviruka, begi mkononi. Nikamfuata mpaka getini nikimbembeleza. Miwani alifungua geti polepole asipitwe na neno. Mke wangu akageuka mara moja tu. Akasema, rudi ukamfunike mwenzako, tangu nilale hapa ananung'unika baridi sikioni mwangu.

Katika yote niliyomweleza, hilo la baridi sikulitaja.

Jumatatu, 11 Novemba

Simu zangu hapokei. Dada wa dobi ananishauri nirudi chumba cha pampu na niuache mchanga wa watu. Anasema nimekuwa kama mtu anayepiga hodi akakimbia. Iko siku atafunguliwa kabla hajakimbia. Huyu dada mashuka meupe yamemzidi.

Mimi nina wazo. Mke hamrudii mume mwongo, ila humrudia marehemu. Kesho nitabonyeza alama za mabuti yangu kutoka namba saba hadi majini, zisirudi. Miwani atazikuta. Habari mbaya haziwezi kumlalia tumboni, atampigia mke wangu simu. Atakuja analia. Nitatokea mateteni mzima wa afya. Kwa furaha ile atakumbuka viatu gani?

Jumanne, 12 Novemba

Nimetoka na reki. Kazi imeshafanyika.

Alama za mabuti yangu, ninazijua, kisigino cha kulia kina pengo. Zimetoka mlangoni hadi majini. Pembeni yake zipo zile ndogo, hatua kwa hatua, kama watu wanaosindikizana. Hakuna zinazorudi. Mabuti yenyewe yako chini ya kitanda, yamejaa maji. Sikuuliza. Mtu akikutua mzigo humuulizi kwao.

Miwani ameziona. Ninamsikia akipiga simu, sauti inamtetemeka. Mnafiki mkubwa. Nikampungia mkono kutoka barazani. Alitazama hapa hapa nilipo, asinione. Kioo kimoja hicho.

Ninamngoja mke wangu kwenye kiti cha kubembea. Daftari limelowa, kalamu inateleza. Kuna baridi kidogo. Lakini mpango umekwenda vizuri kuliko nilivyoupanga, na akifika nitamwambia kwa kinywa kipana: nyumba hii sasa ni yetu kabisa, mama watoto, hakuna wa kunitoa.