Nira Niliyoifuata Hadi kwa Warumi

Ndugu zangu wa bweni, leo maksai wawili wamenivua heshima yote, na nawaandikia kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnanijua. Nimejisomesha kwa kuosha vyombo vya watu, nikafika Ujerumani, nikarudi na diploma ya lugha (iko ukutani kwa baba mkubwa, juu ya kalenda). Tangu niteremke hapa Hanang sijavua tai hata siku moja. Nayo tai ndiyo chanzo cha mkasa huu.

Asubuhi baba mkubwa alikuwa ndani anakunywa uji. Maksai wake, Waziri na Tarishi, walikuwa uani wakisubiri kwenda kulima. Alikuwa ameniambia, "Usiwafunge mpaka nitoke." Nje alikuwepo mama mkubwa tu, anapukuchua mahindi. Nikaona nafasi ya kung'ara. Nikainua nira.

"Mama mkubwa, unajua hii ina umri gani?"

"Baba yako mkubwa ameichonga juzi."

"Siyo mti, mama. Jina lake!"

Nikamweleza. Zamani sana kulikuwa na lugha ambayo hakuna aliyeiandika. Wataalamu wameiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nayo. Nira wanasema iliitwa yugom. Wahindi wa kale wakarithi yuga. Warumi, iugum. Wajerumani, Joch. Waingereza, yoke. Ukoo mmoja! Na mzizi wake ni kuunganisha.

"Na sisi Wairaqw tumo?"

"Hapana, mama. Sisi ni ukoo mwingine kabisa."

"Basi hao ndugu zako watakusaidia nini kwa Waziri?"

Nikacheka (mara ya mwisho leo). Nikamfunga Waziri kushoto na Tarishi kulia.

Aliyelima na ng'ombe ameshashika kichwa. Maksai akizoeshwa upande, ni upande wake mpaka kufa. Waziri ni wa kulia. Nililijua hilo nikiwa mtoto, kisha nikaenda kusoma.

"Wewe! Umewageuza!" mama mkubwa akapiga kelele.

Waziri naye alishagundua. Akaanza kusukuma ili arudi upande wake. Nira ikapinda. Wakati huohuo trekta la shamba la ngano la serikali likanguruma ng'ambo ya mpaka. Wakatimka! Nikataka kuruka pembeni. Shingo ikagoma. Jamani, nilikuwa nimeifunga tai yangu pamoja na kamba ya shingo ya Tarishi!

Nikakimbia. Sikuwa na hiari. Kiatu kimoja kikabaki kwenye matuta. Mbele yetu niliiona ngano, na hapo hofu ya kunyongwa ikawa ndogo. Ng'ombe wa jirani waliingia humo mara moja tu. Walikamatwa, wakafungiwa kwenye zizi la shamba, wakarudi mbavu nje, na mmoja hakurudi kabisa. Baba mkubwa ana hawa wawili tu, na mgongo wake hauwezi tena jembe la mkono. Wakikamatwa, nyumba ile haitalima mwaka huu. Nikaomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua.

Tulisimama mguu mmoja wa Waziri ukiwa ndani ya ngano. Mimi nilikuwa ndani mpaka kiunoni, kifudifudi.

Mlinzi akaja na rungu. Mama mkubwa akafika nyuma yake, anahema, mundu mkononi.

"Shikamoo mama. Hawa ni wa kwako?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wetu. Hawajala. Wakague midomo."

Mlinzi akamfungua Waziri mdomo. Safi. Tarishi, safi. Kisha akanitazama mimi.

"Na huyu wa tatu?"

"Huyo naye ni wetu. Ametoka Ulaya."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Mashuke mawili mazima ya ngano yalikuwa humo, sikumbuki yaliingiaje.

Mlinzi akashusha rungu. "Mama," akasema, "huyu sina zizi lake. Waondoe wote kabla bosi hajapita."

Mama mkubwa akaikata tai kwa mundu, akawapanga upya. Wakatulia kama wanakwaya. Baba mkubwa tulimkuta njiani, ameshika kiatu changu. Akanitupia kiatu, akawachukua maksai wake shambani.

Kesho nimepangiwa kupukuchua mahindi. Barua hii someni mmoja mmoja, kimyakimya, na atakayecheka asinitumie tai nyingine.