Kaya Namba 47 Haijashuka

Iganzo Juu, Mbeya
19 Oktoba

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Kupima Ngazi za Maisha Jijini

Yah: Ombi la kumshusha marehemu mama yangu ili mwanangu aoe

Ndugu Mkurugenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mtumishi wako Verediana alinidokeza kwamba vidonda vya tumbo vinakusumbua. Pole sana baba. Punguza chai ya rangi, kula kiazi cha kuchemsha bila chumvi, na usilale na hasira. Nimekuweka kwenye maombi ya Jumatano. Sisi hatujambo, ila nina jambo, na nitalieleza taratibu maana niliishia darasa la saba.

Mwezi wa nane Verediana alikuja huku kwetu mlimani na kishikwambi chake, akanikuta shambani nimeshika jembe. Ni binti mwenye adabu, Mhehe wa Kalenga. Aliniamkia kabla hajavuta pumzi. Akasema mnataka kujua kama watu wa jiji hili wanapanda kuliko wazazi wao. Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, hatimaye wasomi wamekumbuka kilimo. Nikamjibu kila kitu kwa kweli kama niko mbele za Mungu, na kweli hiyo ndiyo imetuponza.

Mwezi uliopita majibu yenu yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa mtaa. Kaya Namba 47, ambayo ni sisi, IMESHUKA VIZAZI VIWILI MFULULIZO. Mzee Sosthenes wa Uyole, ambaye mwanangu Samwel amemposa binti yake, alikuja kusoma kwa miwani, akasoma mara mbili, akamrudisha mshenga wetu Zabron na maneno haya: "Waambie siwezi kumtoa binti yangu kwa watu wanaoteremka. Akishafika huko chini, salamu nitampelekea kwa kamba?"

Ndugu Mkurugenzi, Samwel ana miaka ishirini na nane na amekonda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Verediana aliniuliza, "Mama, ukijilinganisha na mama yako mzazi, wewe umepanda?" Nikasema hapana mwanangu, mama alipanda ekari mbili za viazi na kipande cha pareto, mimi napanda nusu ekari kwa sababu ya mgongo. Akaminya kishikwambi. Sikujua kwamba hapo ananishusha. Kama mlitaka kujua maisha, mngeuliza maisha. Mama yangu alivaa viatu kwa mara ya kwanza siku ya kipaimara chake, tena vya kuazima. Mimi nina jozi tatu na moja haitoki mpaka Pasaka. Yeye aliezeka nyasi, mimi nina bati, nina umeme, nina hata friji, ingawa kwa sasa tunawekea vitenge.

2. Akauliza, "Na watoto wako, wamepanda kuliko wewe?" Hapo uchungu ulinishika, naomba unisamehe. Nikasema hawa hawajapanda hata mchicha. Samwel anakaa benki nyuma ya kioo amefunga tai, dada yake Bupe ni muuguzi Tosamaganga, na wote wawili wanaliogopa jembe kama nyoka. Verediana akanishika mkono akasema, "Pole mama, usikate tamaa." Nikasema huyu binti jamani anakipenda kilimo.

3. Aliniuliza kwa mwaka mmoja tumeshuka mara ngapi. Nikasema kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, na ndoo ya viazi kichwani. Sasa mtu wa mlimani atafikaje sokoni bila kushuka? Tena nikajisifu kwamba nashuka haraka kuliko wanawake wote wa mtaa huu. Ameandika na hilo.

4. Hili linanitia aibu hata kuliandika. Alitaka nimtaje mtu wa mjini ninayemfahamu, nikamtaja bwana Nazir mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayenunua viazi kwangu. Akauliza, "Na yeye amepanda?" Nikasema yule hana hata mti mmoja, uwanja mzima ametandika vigae. Basi mradi wako ukampelekea mfuko wa sembe na blanketi. Nilipopita dukani nikakuta ameviweka juu ya kaunta, akaniambia, "Mama Samwel, nimefilisika lini na wewe hukuniambia?" Mkewe Nurbanu alicheka mpaka akakaa.

Sikukaa tu kulalamika. Nimewaamuru watoto wapande mara moja. Bupe amepiga tuta moja nyuma ya nyumba za wauguzi. Samwel anaishi ghorofa ya tatu hapo mjini, hana ardhi, amepanda viazi kwenye ndoo kumi na mbili barazani. Kwa hiyo amepanda na kupanda. Sijui mnataka nini zaidi.

Lakini nikiangalia, kubadilisha majibu ya watu wote ni kazi kubwa kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo. Kwa hiyo naomba jambo moja dogo: mshusheni mama. Akishuka yeye ngazi mbili, mimi nitaonekana nimepanda bila kusogea, na Samwel juu yangu. Nimemwombea na naamini hatakasirika. Hakuwahi kugombea cheo hata kanisani, na tumemzika kule juu, kwa hiyo bado ametuzidi.

Baba Samwel anakusalimu. Wasalimie wote ofisini, na Verediana mwambie simchukii, aje achukue viazi.

Wako katika Kristo,
Atuganile, Mama Samwel

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, Zabron akaingia anahema. Mzee Sosthenes alipita mjini akaona majani ya viazi ghorofani, akapanda ngazi zote tatu, akachomeka kidole kwenye ndoo, akasema kijana wa benki mwenye udongo kwenye kucha, huyo ni mtu. Posa imekubaliwa. Nilikuwa bado nimepiga magoti nashukuru, Samwel akapiga simu: ameandika barua ya kuacha kazi benki, anaomba zile ekari mbili za bibi yake, na mkwe ameahidi kumpa mbegu. Kwa hiyo usibadilishe kitu. Orodha yenu haikukosea, iliwahi tu. Mama abaki alipo. Ila kama kwenye kile kishikwambi kuna mahali pa kumrudisha mtu benki bila kuvunja uchumba, mwambie Verediana apaminye, nawe tafadhali nijibu upesi, kabla mvua hazijaanza.