Mkurugenzi wa Miteremko

Wizara ya Milima, Nyika na Fahari ya Taifa iliutangazia umma, kwa moyo mkunjufu na kwa herufi kubwa, kwamba Mheshimiwa Waziri angepanda mlimani kuwinda nyati. Na kwamba safari hiyo haikuwa starehe hata kidogo, bali mzigo aliokubali kuubeba kwa niaba ya wananchi wote ambao, kwa wingi wa majukumu yao na uchache wa bunduki zao, wasingeweza kwenda wenyewe.

Aliyeandika tangazo hilo alikuwa Afisa Itifaki, mtu mnyoofu kama rula, aliyeamini kwamba duniani hakuna baya ila lisilopangwa. Hata mauti, alipenda kusema, yasingechukiwa kiasi hiki kama yangekuwa na adabu ya kutoa taarifa mapema. Alilisoma tangazo lake, akaongeza neno "tukufu" mahali palipobaki wazi, akalibandika ukutani juu ya benchi la wageni.

Benchi hilo lafaa kuelezwa, kwa maana nalo litapanda mlima. Lilikaa katika ukumbi mwembamba mbele ya ofisi ya Waziri: refu, gumu, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali. Mwananchi aliyeleta shida yake aliambiwa, "Kaa hapo, utaitwa." Maneno hayo aliyatunga Mheshimiwa mwenyewe, nayo yalisifiwa kwa ufupi wake. Wapo waliokaa wakaitwa. Wapo waliokaa wakaitwa na wake zao, warudi nyumbani wakale.

Siku hiyo aliyekaa pale alikuwa shemeji yake Afisa Itifaki, mume wa dada yake mdogo. Huyu alikuwa mwongoza wawindaji wa Wizara, mtu wa mlimani mwenye maneno machache na viatu vilivyochoka. Yeye ndiye aliyeteuliwa kumwongoza Mheshimiwa hadi aliko nyati, naye alikuwa ameteremka kuomba jambo moja tu.

"Shemeji, niondoe katika safari hii."

"Kwa sababu gani?"

"Paja langu."

"Paja lina nini?"

"Halina kitu. Nataka libaki hivyohivyo."

Afisa Itifaki alikohoa, kwa kuwa alielewa. Msimu uliopita Mheshimiwa alikwenda kuwinda swala, na risasi yake, baada ya kumkosa swala, ikampata pajani mwongoza wawindaji wa wakati ule. Taarifa ya uchunguzi, aliyoiandika Afisa Itifaki kwa uadilifu, ilieleza kwamba mtumishi huyo "alikutwa katika njia ya risasi bila idhini." Alipewa onyo na fimbo ya kutembelea. Onyo lilikuwa la kudumu. Fimbo ilikuwa ya kuazimwa.

"Kanuni iko wazi," alisema Afisa Itifaki. "Mwongoza wawindaji husimama mbele ya Mheshimiwa, ameinama kidogo kwa heshima, akimwelekeza mnyama kwa mkono wa kulia."

"Nikisimama nyuma je?"

"Nyuma kuna mlinzi, halafu mpiga picha, halafu mimi. Pamejaa."

Shemeji aliikunja kofia yake. "Na huyo nyati mnayemtaka namjua. Tunamwita Mstaafu. Aliacha kundi zamani, akapanda juu kukaa peke yake. Hana ugomvi na mtu. Mbona hamwachi mzee wa watu apumzike?"

"Hilo si la ngazi yangu," alijibu Afisa Itifaki. "Wala yako."

Jioni dada yake alikuja, akakataa kiti na akakataa chai, jambo ambalo kwa dada yake lilikuwa tangazo la vita.

"Kaka, mume nilimpata mzima. Ukinirudishia ana tundu, utakuja kumlea wewe."

"Mdogo wangu, hili ni suala la kiutawala."

"La kiutawala. Marehemu mama alikuwa akiwaambia watu kwamba amezaa mtoto wa kiume. Hakuwahi kusema amezaa muhuri."

Alipoondoka, Afisa Itifaki alikula chakula chake bila kujua alichokula. Hakuna kanuni iliyomzuia mtu kumpenda shemeji yake. Ila hakukuwa pia na iliyomwelekeza afanyeje akishampenda.

Kamati ya Maandalizi ilipokutana, Mheshimiwa mwenyewe aliingia, na kila mtu akasimama pamoja na wale waliokuwa wamesimama tayari. Alikuwa na uchungu. Waziri wa Barabara alikuwa ametundika kichwa cha nyati katika chumba chake cha mapokezi, chenye pembe pana kuliko mlango, na wageni walikuwa wakimsifu.

"Nyati wa kawaida simtaki," alisema Mheshimiwa. "Nikimpiga nyati asiye na cheo, watu watasema nimekwenda buchani. Nataka mnyama wa hadhi yangu."

Akatoka. Kamati ikabaki ikiutazama mlango. Wanyama wa mlimani walikuwa wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa katika orodha ya watumishi waandamizi.

Hapo ndipo Afisa Itifaki alipopata wazo ambalo, katika hali ya kawaida, lingempatia medali. Kama mnyama hana cheo, si apewe? Kiti cha Mkurugenzi wa Miteremko kilikuwa wazi tangu mwenye nacho alipohamishiwa tambarare. Nyati Mstaafu aliifahamu miteremko, aliishi kituoni mwake, na hakuwahi kukosekana kazini.

Afisa Utumishi, mwanamke wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukatalia, alivaa ya pili. "Mstaafu hateuliwi. Kwanza arudishwe kazini kwa mkataba."

"Arudishwe."

"Umri wake umethibitishwa na nani?"

"Meno yake yanatosha kuthibitisha."

"Nani atayakagua meno hayo?"

Kamati ilitafakari. Ikaridhika bila kukagua.

Nyati akateuliwa. Mheshimiwa aliisaini barua kwa furaha, akasema kwamba sasa Waziri wa Barabara ataona nani ana kichwa ukutani. Na kwa kuwa cheo hakiji mikono mitupu, Mkurugenzi mpya alipewa stahili zake zote. Alipewa askari wa kumlinda, asije akauawa kabla ya siku rasmi. Alipewa posho ya mazingira magumu, ambayo baada ya mjadala ililipwa kwa bonge la chumvi la kulamba. Na kwa sababu kila Mkurugenzi sharti awe na benchi la wageni, na bajeti haikuruhusu jipya, lile la ukumbini lilifungwa kamba likabebwa mgongoni na mpagazi, naye alipanda nalo mlima akilaani kwa sauti ya chini.

Mwisho ukatolewa waraka, uliosainiwa na Mheshimiwa vilevile: asipande wala asishuke mtu yeyote katika mlima ule pasipo kibali chenye saini ya Waziri. Mlengwa wa waraka alikuwa Waziri wa Barabara, ambaye jicho lake halikuaminika. Afisa Itifaki aliandaa vibali vya msafara mzima, vya kupanda na vya kushuka: cha mpishi, cha mpiga picha, cha wapagazi, cha shemeji yake, cha kwake. Cha Mheshimiwa hakukiandaa. Waziri hajiandikii ruhusa, kama vile jua halijiwashii taa.

Wakapanda. Mheshimiwa alipanda kwa machela, kwa sababu haikufaa nyati amwone akihema. Njia ilikuwa ya mawe na baridi, na ukungu ulitembea nao kama mtumishi asiyejua alitumwa nini. Mbele alikwenda shemeji. Nyuma alikwenda Afisa Itifaki, na katika mfuko wa koti lake palikuwa na redio ndogo, waya wake umepita chini ya kola hadi sikioni. Alitaka kusikia kama taarifa ya habari ya mchana ingelitaja tangazo lake, hasa neno "tukufu."

Adhuhuri ukungu ulipasuka, na hapo, katika uwanda mdogo chini ya mwamba, Mkurugenzi wa Miteremko alikuwa akilamba posho yake. Alikuwa mkubwa kuliko maelezo yake. Pembe zilikuwa zimekutana juu ya paji la uso kama ngome, na mgongo ulikuwa mweusi, wenye makovu ya zamani. Kando yake lilikuwapo benchi, tupu, limeinamia upande mmoja kwa sababu tofali lilisahaulika mjini. Askari wake, kijana wa mlimani, alisimama mbali kidogo kwa heshima, na pia kwa akili.

Shemeji alichukua nafasi yake mbele. Aliinama kidogo. Aliuinua mkono wa kulia.

Mheshimiwa aliteremshwa kutoka kwenye machela, akapewa bunduki. Na wakati huohuo katika sikio la Afisa Itifaki sauti ikasema, pasipo haraka wala huruma, kwamba uteuzi wa Waziri wa Milima, Nyika na Fahari ya Taifa umetenguliwa kuanzia leo, na mrithi wake atatangazwa baadaye. Kisha ikaenda kwenye hali ya hewa.

Afisa Itifaki alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kanuni zilimjia moja baada ya nyingine. Habari mbaya haifikishwi kwa Mheshimiwa kabla hajala, na mpishi alikuwa ndiyo kwanza anakoka moto. Pia, mtu asitamke neno wakati Mheshimiwa analenga shabaha.

Mtutu wa bunduki ulimtafuta nyati, ukampata, ukampita. Ulitembelea mwamba. Ulipumzika kidogo juu ya benchi. Kisha, kama punda ajuaye njia ya nyumbani, ukarudi polepole ukatulia palepale ulipotulia msimu uliopita.

Shemeji hakugeuka. Lakini aliuona uso wa askari aliyemtazama, na paja lake la kushoto likaanza kutetemeka peke yake.

Afisa Itifaki aliutazama mtetemeko ule, akamkumbuka dada yake aliyekataa chai. Na hapo, katika akili iliyopangwa vizuri kama kabati, jambo moja dogo lilisogea. Kanuni zote zilisema "Mheshimiwa Waziri." Hapa hapakuwa na Waziri. Hapa palikuwa na mtu fulani aliyeshika bunduki ya serikali. Alijawa na furaha ambayo hakuwahi kuionja katika utumishi wake wote, furaha ya mtu aliyekuta dhamiri yake na kanuni zake zimekaa ukurasa mmoja.

"Ndugu," alisema.

Mtutu ulishuka kwa mshangao. "Umeniitaje?"

"Ndugu. Uteuzi wako umetenguliwa. Imetangazwa sasa hivi. Naomba bunduki, tafadhali, ni mali ya Wizara."

Alichomoa waya wa redio, na sauti ikaenea uwandani, ikirudia habari kwa muhtasari kama ilivyo desturi. Walisikiliza wote, hata Mkurugenzi aliacha kulamba. Mlinzi, aliyekuwa na kibali cha kumlinda Waziri tu, alisogea akasimama na wapagazi. Shemeji akanyooka taratibu, akageuka, akaichukua bunduki, akatoa risasi na kuzitia mfukoni.

Lazima isemwe kwamba yule bwana alijikaza. "Sawa," alisema. "Cheo ni koti la kuazima. Nileteeni machela, nishuke."

"Machela ni ya Waziri," alisema Afisa Itifaki, kwa majonzi ya kweli.

"Basi nitashuka kwa miguu."

Askari wa Mkurugenzi alijitokeza njiani. "Kibali, mzee."

"Kibali gani? Hunijui mimi?"

"Nakujua sana. Kibali cha kushuka."

"Mimi ndiye niliyevisaini vibali vyote."

"Ndiyo maana huna," alisema askari. "Na tafadhali punguza sauti. Mkurugenzi yuko kazini."

"Mkurugenzi gani? Yule ni nyati!"

"Barua yake uliisaini wewe, mzee. Mimi nimewekwa hapa kumlinda. Sasa hivi, katika Wizara, wewe huna cheo naye anacho."

Yule bwana aliwageukia wengine. Mpishi alikuwa akitafuta kibali chake mfukoni. Wapagazi walikuwa wameshavishika vyao mkononi. "Haya, kibali hicho nitasainiwa na nani?"

"Na Waziri," walisema wengi kwa pamoja.

"Waziri ni nani?"

Afisa Itifaki, ambaye hakuwahi kumnyima mtu maelezo sahihi, alirudisha waya sikioni, akasikiliza kwa makini. "Atatangazwa baadaye," alisema.

Walimwachia mablanketi mawili, chungu cha chakula na chai ya moto, kwa kuwa wao si wanyama. Na askari aliahidi kumtunza. Shemeji ndiye aliyebaki nyuma kidogo. Alilisogeza lile benchi mbali na bonge la chumvi, akaokota jiwe bapa, akaliweka chini ya ule mguu mfupi, akalijaribu kwa mkono hadi lilipotulia. Alipangusa vumbi mahali pa kukalia.

"Kaa hapo, mzee," alisema. "Utaitwa."

Kisha akawafuata wenzake akiteremka kwa mapaja yake yote mawili.

Yule bwana alikaa. Mkurugenzi wa Miteremko aliinua kichwa chake kikubwa, akamtazama mgeni kwa kitambo kirefu, kama anayejaribu kukumbuka shida yake ni ipi. Halafu akageuka, akampa mgongo, akaendelea na kazi.