Pakiti 417 na Pakiti 418

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeanza utafiti leo. Mimi, Mwidani, karani wa kuhakiki shehena bandarini kwa miaka thelathini na mmoja, sasa mstaafu wa Magogoni mwenye ugonjwa wa sukari. Tuko watu themanini. Kituo kiko hapa hapa Kisauni. Jengo jeupe, viti vya plastiki, feni moja.

Daktari Nadira ametueleza vizuri. Msichana wa juzi, lakini anajua. Ndani ya seli za ini mna kimeng'enya, kama kuli anayepakua sukari kutoka kwenye damu. (Kuli ni neno langu, si lake.) Wanataka kujua kama kuli huyo anazembeshwa na kemikali ya kushikanisha mafuta na maji, ile inayotiwa kwenye mikate ya dukani ibaki laini wiki nzima. Kwa hiyo tutakula biskuti nne kila siku, wiki kumi na nne. Kundi moja zenye kemikali, kundi jingine zisizo nayo. Nani anakula zipi, hajui mtu. Hata daktari mwenyewe hajui.

Nimemwuliza mara tatu. Mara mbili amecheka. Mara ya tatu ameniambia, kwa adabu, niketi.

Mfuko wangu ni nambari 417. Jirani yangu Wafula, aliyekuwa dereva wa kreni pale pale bandarini, amepewa 418. Ameupokea bila hata kuutazama. Ndivyo alivyo Wafula. Ungempa bomu angesema asante.

Mimi siwezi. Marehemu baba alikatwa mguu kwa sukari hii hii, na tangu Aprili vidole vyangu viwili vya mguu wa kushoto vinakufa ganzi. Lazima niwe kundi la biskuti safi. Sijawahi kupokea mzigo bila kujua kilichomo, na sitaanza uzeeni.

Jumatano, 3 Septemba

Jaribio la kwanza. Ilihitajika biskuti ya Wafula. Nimekwenda kumjulia hali. Alipoingia jikoni kuniwekea chai, nikatia moja mfukoni. Akarudi, akaona nazitazama zilizobaki, akanikaribisha nile moja. Nikakataa. Nikamwambia sheria za utafiti haziruhusu.

Nyumbani nimeziweka mbili uani, yangu na yake, hatua moja baina yao. Hoja yangu: sisimizi hawadanganyiki na vitu vya kiwandani. Nimekaa na saa mkononi dakika arubaini. Sisimizi wamekuja, wengi, wamepita katikati ya biskuti kwa mstari ulionyooka, wamepanda ukuta, wameingia dirisha la jikoni na kuivamia halua ya mke wangu, Mwanarusi.

Mwanarusi ameitupa halua yote. Ameniuliza kama nina akili timamu. Nimemweleza habari ya kimeng'enya. Hakuridhika.

Ijumaa, 5 Septemba

Jaribio la pili, na hili ni la kisayansi. Kemikali hushikanisha mafuta na maji. Basi, vunja biskuti kwenye maji, tia mafuta ya kupikia, koroga, ngoja. Nilipotoka msikitini nimechukua bilauri mbili kwenye beseni la vyombo na kuanza kazi. Biskuti ni zile zile za uani: yangu kushoto, ya Wafula kulia.

Kulia, mafuta yameelea juu baada ya dakika tano. Kushoto, maji yamekuwa meupe kama tui, yana povu, na mpaka adhana ya magharibi hayajaachana.

Kwa hiyo ni mimi. Mimi ninayejali ndiye ninayelishwa kemikali, na Wafula asiyejali anakula safi. Sikuweza kumaliza wali wangu.

Mwanarusi amesema kama naogopa nikamwambie daktari, au nijitoe, hakuna aliyenishika. Ushauri mzuri. Nimeukataa. Kujitoa ni kushindwa. Zaidi ya hayo, ukijitoa hupimwi tena bure.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya kuchukua biskuti za wiki ya pili. Nilikwenda na mpango uliokamilika: kujifanya nazirai, mfuko wa Wafula uanguke, na kadhalika. Sikuuhitaji. Wafula alipoitwa kupimwa presha alinipa mfuko wake nimshikie.

Mifuko ni ya kaki, inafanana. Nambari imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobanwa kwa pini. Nimebadilisha vikaratasi. Sekunde kumi. Hata bandarini sikuwahi kuona kazi safi namna ile.

Wakati wa kurudi Wafula amebeba mifuko yote miwili, kwa sababu ameniona nachechemea. Nimemwacha abebe. Moyo haukukaa vizuri. Lakini Wafula ana nguvu za ng'ombe, miguu yake haina ganzi, na daktari alisema kiasi chenyewe ni kile kile kilichomo kwenye mkate. Nimejiambia hivyo mara nne tangu adhuhuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Mtu mpya! Nimetembea hadi Junda na kurudi. Vidole navihisi, au karibu navihisi. Ini langu liko huru.

Na kwa kuwa liko huru, sioni tena sababu ya kujinyima. Mahamri mawili asubuhi. Matatu, kwa kweli. Kaimati za shira jioni. Mwanarusi amelificha bakuli la kaimati nyuma ya pipa la unga. Nimeliona.

Wafula tumbo linamsumbua tangu jana. Ameniambia taratibu, juu ya ua, kama mtu asiyependa kulalamika. Amesema hata hivyo hataacha biskuti maana alishamwahidi daktari. Nimemshauri ale mbili tu. Amesema daktari alisema nne.

Nimerudi ndani. Kaimati hazikuwa na ladha. Nimekula sita.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku mbaya. Leo tumepimwa damu. Sukari yangu siku ya kwanza ilikuwa tisa. Leo ni kumi na sita nukta moja. Wafula: saba. Nesi Mwikali ameandika, akanitazama, akauliza kama kuna kitu nimebadilisha katika chakula. Nimesema hakuna, ni biskuti tu.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikafikiri. Jibu ni moja tu. Nilikosea bilauri. Kushoto ilikuwa ya Wafula. Nilikuwa na biskuti safi tangu mwanzo, na nimemkabidhi Wafula hizo safi kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilibidi nirekebishe, na upesi. Mifuko ya wiki ya tatu ilikuwa mezani kwa Mwikali, 417 na 418 sako kwa bako. Aliponyanyuka kumwita mtu barazani, nikasogea. Aliporudi nilikuwa na pini moja mkononi na nyingine mdomoni.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, toa hiyo pini mdomoni usije ukaimeza." Kisha akaenda kumwita daktari.

Jumanne, 16 Septemba

Jana sikuweza kuandika yaliyofuata. Leo naandika.

Daktari Nadira alituita wote wawili, mimi na Wafula, kwa sababu nambari zetu ndizo zilizohusika. Nilisema yote. Sisimizi, bilauri, vikaratasi. Nilidhani atakasirika. Alivua miwani akapangusa macho, na bado sijui kama alikuwa akicheka.

"Baba Mwidani," akasema, "wiki mbili za mwanzo watu wote themanini wanakula biskuti za aina moja. Hazina kitu ndani. Tunataka kwanza tujue nani anaweza kufuata maagizo. Makundi yalikuwa yaanze leo. Imeandikwa ukurasa wa nne wa fomu uliyotia sahihi."

Nilimwambia nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Akauliza basi sukari imepandaje. Ikabidi nitaje mahamri. Na kaimati. Aliandika kila kitu. Wafula naye akaulizwa habari ya tumbo, akasema ni maharagwe ya Jumanne, yalilala.

Niliona mambo yamekwisha. Hakuna aliyedhurika, biskuti ni zile zile. Nilikuwa nishaanza kuinuka. Wafula hakuinuka. Alikuwa akivitazama viatu vyangu.

"Kwa hivyo wiki nzima," akasema, "ulijua nakula sumu, ukaniacha nile."

Nikamwambia si sumu, ni kemikali kidogo tu, na hata hiyo haikuwamo.

"Lakini wewe uliamini imo."

Nikaitazama feni ikizunguka.

"Ungeniomba, Mwidani, ningekupa mfuko wangu. Mimi sikujali ni upi. Sasa najali."

Alitoka, akaenda nyumbani peke yake. Miaka kumi na minne tumekuwa majirani, na jana ndiyo mara ya kwanza kuniacha nyuma.

Nimetolewa kwenye utafiti. Daktari alinieleza kwa upole: kama mifuko ingebadilika jana, ugonjwa wangu na wa Wafula ungeandikwa kinyume, na watu wa mbali wasiotujua wangekuja kutibiwa kwa uongo wangu. Lakini hakunifukuza hivi hivi. Alinivua soksi yeye mwenyewe, akanigusa vidole kwa uzi mgumu wa plastiki nikiwa nimefumba macho. Viwili sikuhisi kitu. Akaniandikia barua ya kliniki ya sukari, Alhamisi, saa mbili asubuhi, nisikose. Akasema habari ya mahamri haihitaji utafiti.

Nyumbani nimemweleza Mwanarusi. Amenisikiliza mpaka mwisho. Ameuliza bilauri nilizitoa wapi. Nimesema kwenye beseni. Amesema moja ilikuwa bado ina sabuni, hakuwahi kuisuza, na kazi ya sabuni ni hiyo hiyo, kushika mafuta na maji. Nimemwambia angekuwa mtafiti mkubwa. Amekwenda kulichukua bakuli nyuma ya pipa na kumpelekea Wafula.

Jumamosi, 20 Septemba

Kliniki nilikwenda. Vidonge vipya, miguu ioshwe na kutazamwa kila siku, mahamri basi. Nimekubali yote. Siku mbili sasa sijagusa kaimati, na mbele yangu zimepita mara nyingi.

Leo nimekwenda kwa Wafula. Ameniacha mlangoni nimesimama muda mrefu. Nimemwambia nimemkosea, wallahi, na sikuwa na udhuru, kwamba niliuogopa mguu wangu nikausahau wake. Nilisema kwa moyo wangu wote. Kisha akaleta kigoda. Akasema yameisha, ila mfuko wake hatampa mtu tena amshikie.

Tumekunywa chai. Ameanza biskuti zenyewe sasa, zile za makundi mawili. Nimemwuliza kama hana wasiwasi. Amesema hana na hataki kujua, akajue daktari siku ikifika.

Masikini Wafula. Mtu mwema kiasi kile hawezi kujilinda. Nimewaza njia nzima kutoka kwake, hatua ishirini, na nimefikia uamuzi. Utafiti umenitoa, hivyo sheria zake hazinihusu tena. Na safari hii si kwa ajili yangu hata kidogo.

Gari linaloleta biskuti lina jina la kiwanda cha mikate kilichoko Changamwe. Kiwanda kina ghala, ghala lina orodha, na orodha inamtaka karani. Jumatatu asubuhi nitakuwa getini kwao na barua yangu ya kazi ya bandarini, kuomba ukarani. Siku tatu zinanitosha kuijua 418. Mwanarusi nimemwambia nakwenda kutafuta viatu laini vya mguu.

Wafula hatajua lolote mpaka nimwokoe.